Kumsimamia mwanasaikolojia mwanagenzi: mwongozo kamili kwa wasimamizi wa Uganda

Mama aliyekimbia vita Masisi, mashariki mwa Kongo, hachagui nani wa kumsikiliza anapofika kwenye chumba cha ushauri katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Anamkuta kijana wa shahada ya uzamili aliyewasili wiki iliyopita kutoka Kampala. Ataambiwa kwamba kijana huyo bado anajifunza, ataitikia kwa kichwa, na bado atamwita musawo, yaani daktari. Anayebeba dhamana ya kikao hicho ni mtu ambaye huenda mama asimwone kamwe, yaani msimamizi.

Uganda wanasaikolojia wenye uzoefu bado ni wachache, na anayefanya kazi vizuri hukabidhiwa wanafunzi bila kuulizwa kama anajua kusimamia. Inadhaniwa kwamba aliye hodari kutibu ni hodari pia kulea wataalamu, lakini hizo ni kazi mbili. Mwaka 2014 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilitoa miongozo inayouhesabu usimamizi kuwa umahiri unaojitegemea, wenye maeneo saba: umahiri wa msimamizi mwenyewe, tofauti za watu na tamaduni, uhusiano wa msimamizi na mwanagenzi, mwenendo wa kitaaluma, tathmini na mrejesho, mwanagenzi anayeshindwa kufikia kiwango, na masuala ya maadili na sheria. Yote yanahitajika hapa kwetu. Hata hivyo ninaamini kwamba yote yanasimama juu ya jambo moja: msimamizi aione kazi yenyewe, asitosheke na kusimuliwa. Nitalirudia hilo, kwa sababu ndilo linalorukwa kuliko yote.

Hatua ya 1: Jikague kabla hujampokea mtu

Anza na swali gumu: kazi anayokuja kujifunza, wewe mwenyewe unaijua? Kama uzoefu wako ni watu wazima wenye sonona na kituo kinahudumia watoto wenye kiwewe cha vita, tafuta msimamizi wa pili wa eneo hilo, au mweleze mhadhiri wake mapema. Kusimamia usichokijua ni kumwachia mteja hatari.

Kisha hesabu muda. Kila mwanagenzi anahitaji walau saa moja ya kikao cha ana kwa ana kila wiki, muda wa wewe kumwangalia au kumsikiliza akiwa kazini, na muda wa kusoma na kutia saini kumbukumbu zake. Ukijumlisha, ni karibu nusu siku kwa mtu mmoja. Mimi nisingepokea zaidi ya watatu kwa mkupuo mmoja, hata chuo kikisihi. Hakikisha mwajiri wako amekubali kwa maandishi kwamba saa hizo ni sehemu ya kazi yako, kwa sababu ukiambiwa usimamie baada ya saa za kazi, usimamizi utakuwa wa kuulizana "mambo yanaendaje?" koridoni.

Tenganisha pia umeneja na usimamizi wa kitaaluma. Meneja wa mradi anataka idadi ya wateja waliofikiwa, nawe unataka kujua waliofikiwa walisaidikaje. Mtu mmoja akivaa nafasi zote mbili, mwanagenzi atakuletea takwimu nzuri na kukuficha matatizo. Ikibidi uwe vyote, weka siku tofauti, na sema wazi leo unazungumza kama nani.

Hatua ya 2: Andikeni mkataba kabla ya mteja wa kwanza

Kurasa mbili zinatosha, ila zisomwe kwa sauti mkiwa wawili, aya kwa aya. Uandike siku na saa ya kikao, na kwamba saa hiyo haihamishwi ovyo. Uonyeshe vigezo atakavyopimwa navyo, kwa maana si haki mtu kuviona vigezo siku ya matokeo. Ueleze ni taarifa zipi zitakwenda chuoni na zipi zitabaki kwenu, afanye nini msipokubaliana, na nani apigiwe simu kukiwa na dharura wakati wewe uko mahali pasipo na mtandao. Hilo la mwisho liwe na majina mawili na namba mbili, kwa sababu mtandao hukatika na betri huisha.

Mkataba ubebe pia maneno ambayo mwanagenzi atamwambia kila mteja siku ya kwanza. Yaandikeni kwa lugha ya mteja, ayazoee mpaka yamtoke kama mtu, si kama karatasi: "Mimi ni mwanasaikolojia ambaye bado ninajifunza. Nasimamiwa na fulani, na nitamweleza kazi tunayofanya hapa ili nikusaidie vizuri. Una haki ya kukataa, na ukikataa hutanyimwa huduma." Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani, imeweka mkazo kwenye haki za mgonjwa, na ridhaa inaanzia kwenye maneno hayo.

Hatua ya 3: Iangalie kazi yenyewe

Wanagenzi huwaficha wasimamizi mambo. Si kwa ubaya: wanaogopa alama, wanaona aibu, na wengi wamelelewa kutomsemesha mkubwa habari mbaya. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa anayelia kwanza ni mteja. Tena yako mambo ambayo mwanagenzi hayafichi kabisa, ila hakuyaona, na asichokiona hawezi kukusimulia.

Tuchukue mfano wa mazungumzo ya aina inayotokea kila wiki.

"Kikao kilikwendaje?"

"Vizuri, Madam. Mama aliongea sana, tukamaliza na zoezi la kupumua."

"Nipe maneno yake mwenyewe. Alisema nini?"

"Alisema amechoka. Kwamba watoto wakienda kwa dada yake ingekuwa afadhali."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asikate tamaa, Mungu yupo."

"Ulimuuliza, watoto wakiwa kwa dada yake, yeye mwenyewe atakuwa wapi?"

Kimya. "Sikumuuliza, Madam."

Ripoti ya kikao hicho ingesomeka "mteja ameonyesha maendeleo", na mwanagenzi angekuwa ameiandika kwa moyo safi. Maneno ya mteja kama alivyoyatamka ndiyo yaliyofungua mlango. Kwa hiyo hata pale ambapo huna njia nyingine ila kusimuliwa, kataa muhtasari. Omba maneno: yeye alisema nini, wewe ukajibu nini, uso wake ukawaje. Na kesi kama hii haingoji kikao kijacho. Huenda anawaza kujiua, kwa hiyo mama anatafutwa siku hiyohiyo.

Njia bora ni kuona kwa macho. Unaweza kukaa ndani ya chumba, kwa ridhaa ya mteja, kimya na pembeni. Unaweza kuongoza kikao pamoja na mwanagenzi, wewe ukitangulia wiki za mwanzo na yeye akichukua usukani baadaye. Unaweza kusikiliza rekodi ya sauti. Isikilizeni pamoja, kisha simamisha kanda pale palipo na uzito, umwulize: "Hapa ulikuwa unawaza nini? Ulitaka kusema nini ukajizuia?" Dakika tano za rekodi zilizosikilizwa hivyo humfundisha kuliko saa nzima ya nadharia.

Rekodi ina masharti yake, na kwenye makazi ya wakimbizi masharti hayo ni mazito. Ridhaa iwe ya maandishi au ya alama ya kidole gumba, baada ya mteja kueleza kwa maneno yake mwenyewe amekubali nini. Kifaa kiwe cha ofisi, kamwe si simu ya mwanagenzi, na sauti ifutwe ikishasikilizwa. Jua pia kwamba watu wengi wanahofu sauti zao zitafika kwa waliowakimbia. Wengine wanaamini kinyume chake, kwamba wakieleza mateso yao vizuri kwenye rekodi kesi yao ya kupelekwa nchi ya tatu itasogea. Mwanagenzi lazima awe tayari kwa swali "hii itanisaidia kwenda Marekani?" na ajibu bila kuzunguka: hapana, huduma hii haihusiani na kesi yako, haiipandishi wala haiishushi. Mteja akikataa kurekodiwa, basi. Usimbembeleze.

Pale ambapo njia hizo zote hazifai, tumia igizo. Wewe uwe mteja, yeye afanye kazi yake. Hapo kuna chombo kizuri cha kupimia kinachoitwa ENACT, ambacho kina vipengele 15 vya stadi za msingi, kama vile kusikiliza, kuonyesha kuelewa, kueleza usiri na kuuliza juu ya hatari ya kujidhuru. Kila kipengele kina ngazi nne, na ya chini kabisa ni ya tabia zinazoweza kumdhuru mteja. WHO na UNICEF wamekiweka kwenye EQUIP, jukwaa lao la mtandaoni la kupima na kukuza stadi za watoa msaada, ambalo ni bure. Kipimo cha namna hii kinakuokoa usiseme "ana moyo mzuri" pale unapotakiwa kusema anaweza nini na hawezi nini.

Wako wanaodai kwamba kuangalia kwa karibu hivi ni anasa ya nchi tajiri. Historia ya Uganda yenyewe inawajibu. Kwenye vijiji 30 vya Rakai na Masaka, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulijaribu tiba ya mahusiano ya vikundi, IPT, ikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kwa wiki mbili kisha wakasimamiwa. Baada ya wiki 16, waliobaki na sonona kali kwenye vijiji vilivyopata tiba walikuwa asilimia 6.5, na kwenye vijiji vingine asilimia 54.7. Wiki mbili za darasani peke yake zisingewafikisha huko.

Hatua ya 4: Saa moja ya usimamizi iwe na mpangilio

Dakika chache za mwanzo ni za hatari: kuna mteja yeyote unayemhofia wiki hii? Hilo liulizwe kwanza kila mara, lisiachwe mwisho ambapo muda umekwisha na mtu ameshashika mkoba. Kisha achague kesi moja au mbili za kuchimba, nawe uchague moja ambayo hakuichagua. Anayeletewa kesi zile zile kila wiki ajue kuna nyingine zinazokwepwa.

Nafasi yako hubadilika ndani ya saa hiyo. Mara nyingine wewe ni mwalimu unayeonyesha jinsi ya kujaza PHQ-9, dodoso la kupima sonona, pamoja na mtu asiyejua kusoma. Mara nyingine unamsaidia mwanagenzi kuona jinsi moyo wake ulivyoingilia kazi, labda anamwonea mteja huruma mno kwa kuwa anafanana na mama yake. Na anapokomaa, mnazungumza kama wenzi wa taaluma. Mgeni wa kazi anahitaji kuelekezwa waziwazi, na ukimjibu kila swali kwa swali utamtia wasiwasi bure. Aliyekaa miezi kadhaa anahitaji kinyume chake: ukimpa jibu haraka unamnyima nafasi ya kufikiri.

Mrejesho uutoe siku hiyohiyo, ukiwa na mfano. "Jiamini zaidi" hausaidii mtu. "Mteja alipotaja ubakaji ulibadilisha mada ukauliza idadi ya watoto" unasaidia, hasa ukifuatwa na "tuigize sehemu hiyo tena, sasa hivi." Makosa yasemwe faraghani, kamwe si mbele ya mteja, mkalimani au wauguzi wa zamu. Katikati ya mafunzo fanyeni tathmini ya maandishi, ili mwisho usimshangaze mtu.

Hatua ya 5: Weka utaratibu wa dharura

Mfundishe kuuliza moja kwa moja: "Je, kuna wakati unafikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba swali litampandikizia mteja wazo. Haliko hivyo, na mara nyingi mteja hupumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Jibu likiwa ndiyo, maswali yanayofuata ni ya vitendo: kwa njia gani, lini, umewahi kujaribu, kitu hicho kiko nyumbani? Katika familia za wakulima uliza habari za dawa za kunyunyizia mazao, na panga na ndugu anayeaminika azitoe nyumbani siku hiyo.

Utaratibu uandikwe na ubandikwe: nani anakaa na mteja, nani anampigia msimamizi, kituo gani cha afya kinampokea, nani anamsindikiza, na nauli ya boda au gari inatoka mfuko gani. Hilo la nauli linaonekana dogo mpaka jioni moja linapokwamisha kila kitu. Kesi nzito zinapewa rufaa ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na zaidi ya hapo Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Mwanagenzi ajue pia kwamba Kanuni ya Adhabu ya Uganda imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Ndiyo maana familia husema mtu "alikunywa kwa bahati mbaya". Kazi yetu hapo ni kumfikisha kwenye matibabu na kumlinda, na kuandika kumbukumbu kwa uangalifu.

Mtoto anapodhurika usiri una mpaka, na mpaka huo mteja auambiwe tangu siku ya kwanza. Ofisa wa ustawi na ulinzi wa watoto wa wilaya, polisi, na simu ya bure ya Sauti 116 ndizo njia. Mwanagenzi asiamue peke yake atoe taarifa au asitoe. Anakupigia, mnaamua, na wewe ndiye unayetia saini.

Hatua ya 6: Lugha na mkalimani

Mwanagenzi kutoka Mbale au Mbarara anaweza kujikuta anamhudumia Mkongomani kwa Kiswahili cha sokoni. Kinatosha kununua nyanya, hakitoshi kuzungumzia kifo cha mtoto. Kumkubalia aendelee hivyo kwa sababu "wanaelewana" ni uzembe wa msimamizi. Tafuta mkalimani, kisha umsimamie mkalimani pia.

Kabla ya kikao, watatu hao wakutane bila mteja, dakika kumi tu: mkalimani aseme "mimi" pale mteja anaposema "mimi", asifupishe, asishauri, na ambacho hakukielewa akiulize. Mteja aulizwe faraghani kama anaridhika na mtu huyo, kwa maana anaweza kuwa jirani, mkwe, au mtu wa jamii iliyopigana na ya kwake. Kaeni kwa pembetatu, mwanagenzi amtazame mteja, si mkalimani. Na baada ya kikao mkalimani naye apewe nafasi ya kutua. Mara nyingi aliyotafsiri ndiyo yaliyompata yeye mwenyewe, na hakuna anayemuuliza.

Kuhusu dini na waganga wa jadi, msimamizi asimfundishe mwanagenzi kudharau wala kunyenyekea. Aulize mteja amekwishakwenda wapi, akaambiwa nini, kilimsaidia nini, na kuna anachopewa ambacho kinaweza kumdhuru? Ikiwa maombi ya kanisani yanamfanya mtu alale, hayo ni sehemu ya mpango. Ikiwa mhubiri amemwambia aache dawa za kifafa, hilo linahitaji hatua leo.

Hatua ya 7: Mlinde mwanagenzi, na mlinde mteja dhidi yake

Anayesikiliza habari za mauaji tangu asubuhi atabeba kitu jioni. Muulize anavyolala, na anachofanya akitoka kazini. Lakini wewe si mtabibu wake. Ukiona yanayojitokeza ni maumivu yake ya zamani, mpe rufaa kwa mtu mwingine, nje ya mlolongo wa alama. Mapenzi kati ya msimamizi na mwanagenzi hayana nafasi hata wote wawili wakidai wamekubaliana, kwa sababu mmoja wao ameshika cheti cha mwenzake. Vivyo hivyo kumtuma kazi za nyumbani kwako au kukopeshana fedha.

Usiri uanzie kwenye simu. Kesi zisijadiliwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata jina likiondolewa: "mama wa watoto sita, Rubondo, mume kauawa" inatosha mtu kutambulika. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahusu kumbukumbu hizi pia. Kabati liwe na kufuli, na kumbukumbu za usimamizi zikae mbali na faili la mteja.

Anaposhindwa kufikia kiwango, mweleze mapema, kwa maandishi, stadi gani inakosekana, atasaidiwaje, na kufikia tarehe gani. Shirikisha chuo tangu barua ya kwanza. Mwanagenzi mmoja anakosa mazoezi tu, atapona kwa maigizo zaidi na kesi chache. Mwingine anadanganya kumbukumbu au anawachukua wateja fedha, na huyo anaondolewa kwa wateja siku hiyo. Kumpitisha kwa huruma, kwa sababu ada imelipwa na familia inangoja, ndilo jaribu kubwa kuliko yote katika kazi hii. Ninaelewa uzito wake. Lakini mtu huyo atafungua mlango wake mwenyewe mwaka ujao, bila msimamizi, na mama wa Masisi atakuwa amekaa mbele yake.

Hatua ya 8: Kufunga

Wateja waambiwe wiki kadhaa kabla kwamba mwanagenzi ataondoka. Waliofiwa na kukimbia huhesabu kila anayeondoka ghafla kuwa kifo kingine. Kila mteja apewe uamuzi: kumaliza, kuhamia kwa mtu mwingine aliyetambulishwa ana kwa ana, au kupewa rufaa. Pitieni orodha yote pamoja, jina kwa jina, mpaka pasibaki faili lisilo na mwenyewe.

Nawe uwe na wa kukusimamia. Mwenzako wa taaluma mnayekutana kila mwezi, hata kwa simu, anatosha, mradi mnasikilizana kesi za usimamizi na si kulalamikia mishahara. Halafu mwanagenzi akishapokea alama zake, zikiwa zimetiwa saini na kufika chuoni, mwombe akuandikie ukurasa mmoja: nini kilimsaidia, nini kilimuumiza, na kitu gani alikuficha kwa sababu alikuogopa. Uusome ukurasa huo kabla hujampokea anayefuata.